Mtoto wa Geneva na Mtoto wa Buganda

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu vitabu viwili wavisome katika juma moja, wala siwaambii mapema kwa nini nimeviweka pamoja. Vyote viwili vilichapishwa na Shirika la Afya Duniani huko Geneva, katika mfululizo mmoja, vikiachana kwa miaka miwili tu. Cha kwanza, cha mwaka 1951, kiliandikwa na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili wa London, nacho kinahusu malezi ya mama na afya ya akili ya mtoto. Cha pili, cha mwaka 1953, kiliandikwa na J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wa hospitali ya Mathari mjini Nairobi, nacho kinahusu akili ya Mwafrika katika afya na katika maradhi. Cha kwanza kinasema kwamba mtoto mdogo akitenganishwa na mama yake kwa muda mrefu huumia, na kwamba jeraha hilo huweza kumwandama hadi ukubwani. Cha pili kinajaribu kueleza kwa nini Mwafrika, kwa maoni ya mwandishi wake, hafikii ukomavu wa akili alioufikia Mzungu.

Ukivisoma kimoja kimoja, kila kimoja kina mantiki yake. Ukivisoma pamoja, swali moja halikwepeki: yule mtoto wa kitabu cha kwanza, ambaye dunia nzima iliombwa imlinde, alikuwa mtoto wa nani?

Naliuliza mbele ya wasomaji ambao wengi wao ni watumishi wa umma na wanaharakati kwa sababu nadharia za nafsi haziishii katika vyumba vya madaktari. Huingia katika kanuni, nyaraka na bajeti, na zikishaingia humo husahaulika kwamba ziliwahi kuwa nadharia. Isitoshe, sehemu nyeti ya historia hii ilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki, katika miaka michache ya mwanzo wa muongo wa 1950, na wasomi wetu wengi huisoma kana kwamba ilitokea Ulaya tu.

Tuanze na ukoo wa fikra hizi, kwa ufupi. Sigmund Freud aliutafuta mzizi wa hulka ya mtu katika matamanio ya mwili na katika mapambano ya nafsi isiyojitambua. Waliomfuata kisha wakaachana naye, wale tunaowaita Wafreud mamboleo, walikubali kwamba utoto ndio unaotuunda, lakini walikataa kwamba kila jambo huanzia ndani ya mwili. Alfred Adler alitengana naye mwaka 1911. Karen Horney, aliyehama Ujerumani mwaka 1932, alifundisha kwamba hofu za mtu ni zao la jamii iliyomlea, na kwamba mengi aliyoyaita Freud maumbile ya mwanamke yalikuwa ni matokeo ya kuishi chini ya wanaume; mwaka 1941 taasisi ya wachanganuzi wa nafsi ya New York ikamvua hadhi ya ualimu. Mwaka huo huo Erich Fromm alitoa kitabu chake kuhusu watu wanaoukimbia uhuru, na mwaka 1950 Erik Erikson akachapisha kitabu chake juu ya utoto na jamii. Bowlby huwa hawekwi katika orodha hiyo, kwa kuwa alibaki mwanachama wa chama cha wachanganuzi cha Uingereza hadi mwisho. Hata hivyo hoja yake ilikuwa ya jamaa moja na zao: yanayompata mtoto kweli kweli, katika nyumba halisi, mbele ya watu halisi, yana uzito kuliko ndoto na njozi zake.

Alizaliwa mwaka 1907 katika familia ya tabaka la juu, baba yake akiwa daktari wa upasuaji aliyewahudumia watu wa jumba la kifalme. Kama ilivyokuwa desturi ya tabaka hilo, alilelewa na yaya, na mama yake alimwona kwa muda mfupi tu kila siku. Yaya aliyempenda aliondoka alipokuwa na umri wa miaka minne hivi. Sipendi sana kueleza nadharia ya mtu kwa maisha yake. Ni njia rahisi mno. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba aliyekuja kuwaambia akina mama wa kimaskini wasiwaache watoto wao alitoka katika tabaka ambalo kumwacha mtoto lilikuwa jambo la fahari.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyompa ushahidi. Mnamo Septemba 1939 Uingereza iliwahamisha watu wapatao milioni moja na nusu kutoka mijini, wengi wao wakiwa watoto, ili kuwanusuru na mabomu. Desemba mwaka huo Bowlby na wenzake wawili, Emanuel Miller na Donald Winnicott, waliliandikia jarida la madaktari wa nchi yao wakionya kuhusu kuwatenga na mama zao watoto wa kati ya miaka miwili na mitano. Mwaka 1944 alichapisha uchunguzi wa wezi 44 wa umri mdogo. Miongoni mwao 14 aliwaona hawana upendo kwa mtu yeyote, na katika hao 12 walikuwa wametengwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Ni idadi ndogo, na takwimu zake zimekosolewa sana. Lakini Ulaya ya baada ya vita ilikuwa imejaa mayatima, na Shirika la Afya Duniani lilitaka mtu wa kulieleza la kufanya. Akapewa kazi ya miezi sita mwaka 1950, akazuru Ufaransa, Uholanzi, Uswidi, Uswisi na Marekani, akarudi kuandika ripoti. Hakuzuru nchi yoyote ya Afrika wala ya Asia.

Katika ripoti hiyo mna hoja ambayo karibu kila mtu huiruka. Bowlby alieleza kwamba kama vile mtoto anavyowategemea wazazi, ndivyo na wazazi, hasa mama, wanavyoitegemea jamii kwa riziki, na kwamba jamii inayowathamini watoto haina budi kuwatunza wazazi wao. Hiyo si hoja ya saikolojia, ni hoja ya bajeti. Serikali nyingi zilichukua nusu ya kwanza ya ripoti, ile inayomtaka mama asibanduke, na kuiacha nusu inayozitaka zitoe fedha. Huko Ulaya na Marekani nusu hiyo ya kwanza iligeuka fimbo ya kuwachapia wanawake waliotoka kwenda kazini, na watetezi wa haki za wanawake wa miaka ya 1970 walikuwa na haki ya kumlalamikia Bowlby, ingawa nadhani waliokuwa na deni kubwa zaidi ni mawaziri wa fedha.

Mahali pamoja nadharia ilileta nafuu dhahiri. Katika hospitali nyingi za Uingereza wazazi waliruhusiwa kumwona mtoto aliyelazwa kwa saa chache tu katika juma, na baadhi ziliwakataza kabisa. Mwaka 1952 James Robertson, mshirika wa Bowlby, alipiga filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili katika siku zake nane za hospitali. Madaktari walioonyeshwa filamu hiyo mara ya kwanza walikasirika, waliona wametukanwa. Miaka saba baadaye, mwaka 1959, ripoti rasmi ya kamati ya Platt ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo alale naye. Msomaji wa hapa kwetu atatabasamu. Katika wodi zetu mama hulala na mwanawe, mara nyingi kwa sababu pasipo yeye hakuna wa kumlisha wala kumwosha mtoto. Uhaba wa wauguzi ulitufikisha kulekule walikofikishwa wao na kamati.

Wakati hayo yakijadiliwa London, nadharia hizo hizo za utoto zilikuwa zikifanya kazi nyingine katika makoloni. Mwaka 1943 taasisi ya utafiti ya Rhodes-Livingstone, huko Rhodesia ya Kaskazini, ilichapisha kijitabu cha J. F. Ritchie kuhusu Mwafrika anapokuwa mtoto wa kunyonya na anapokuwa mtu mzima. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mtoto wa Kiafrika hunyonyeshwa muda mrefu na kila anapotaka, kisha huachishwa ziwa kwa ghafla, na hapo nafsi yake hukwama. Kwa msingi huo tabia ya mamilioni ya watu, pamoja na mashaka yao juu ya mwajiri na mtawala, ilielezwa kwa kutazama titi la mama. Kodi ya kichwa haikuhitajika katika maelezo hayo, wala kipande, wala mashamba yaliyotwaliwa.

Carothers alisonga katika njia hiyo hiyo na kwenda mbali zaidi. Alipokabidhiwa Mathari mwaka 1938 hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika makala yaliyomlinganisha Mwafrika na mgonjwa wa Kizungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Katika kitabu cha Geneva alichanganya hoja za ubongo na hoja za malezi, kunyonya na kuachishwa ziwa zikiwamo. Kisha serikali ya kikoloni ya Kenya, iliyokuwa imetangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952, ikamwomba aifafanulie saikolojia ya Mau Mau. Ripoti yake ya mwaka 1954 iliyageuza madai ya ardhi na uhuru kuwa ugonjwa wa watu waliopotewa na mila zao kabla ya kupata ustaarabu mpya, na miongoni mwa tiba alizopendekeza ilikuwamo kuwakusanya Wakikuyu katika vijiji.

Vijiji vilijengwa. Kati ya mwaka 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja waliondolewa katika maboma yao, nyumba zao zikachomwa, wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na nyaya za miiba. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Wanawake walilazimishwa kwenda kazi za sulubu tangu asubuhi, na watoto wakabaki nyuma. Njaa na utapiamlo viliwapata wengi wao. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Geneva itangaze kwamba kumtenga mtoto mdogo na mama yake ni hatari kwa afya ya umma. Sioni dalili kwamba waliopanga vijiji vile waliiona ripoti ya Bowlby kuwa inawahusu. Frantz Fanon, ambaye naye alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alimtaja Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, akionyesha jinsi sayansi ya aina hiyo ilivyoitumikia bunduki. Wanafunzi wangu humjua Fanon wa mapinduzi. Sura hiyo ya kitabu, inayohusu vita na maradhi ya akili, huifikia wachache.

Sasa tuvuke mpaka kuingia Uganda, maana katika miezi ile ile jambo la kinyume kabisa lilikuwa likitokea karibu na Kampala.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyezaliwa Marekani na kukulia Kanada, alikuwa amefanya kazi na Bowlby London kwa miaka mitatu na kidogo. Mumewe alipata nafasi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere chini ya uongozi wa mwanaanthropolojia Audrey Richards, naye akamfuata. Wakati huo hakukubaliana na Bowlby. Yeye, kama wengi wa zama zake, aliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama humlisha: njaa kwanza, upendo baadaye. Alikuja pia na swali lililofanana na la Ritchie, ingawa lilikuwa la heshima zaidi. Alikuwa amesikia kwamba Waganda humlikiza mtoto kwa kumpeleka kwa bibi ili alisahau ziwa, akataka kuona utengano huo humfanya nini.

Swali lake lilianguka mapema. Katika familia nyingi alizozitembelea desturi hiyo haikuwa ikifuatwa tena. Mtafiti wa aina nyingine angetafuta vijiji vinavyolingana na nadharia yake. Yeye alibadili swali, akaamua kutazama tu jinsi mtoto anavyojenga uhusiano na watu wake. Alifuatilia watoto wachanga 28 wa familia 26. Kila baada ya majuma mawili aliitembelea kila nyumba kwa saa mbili hivi, hadi miezi tisa, akiwa na mkalimani Mganda. Aliketi ukumbini wakati wa alasiri, saa ambazo wanawake hupokea wageni, akaandika alichokiona: mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kumtazama mama, akirudi kumgusa, akiondoka tena. Mama alikuwa kama kambi ambayo mtoto huondokea na kurejea. Aliona pia watoto wakishikamana na baba, na ndugu wakubwa, na jamaa wengine ambao hawakuwa wakiwalisha. Hapo imani yake ya kwanza ikavunjika, na alipoondoka Uganda mwaka 1955 alikuwa amekubali kwamba Bowlby ana hoja: mwambatano wa mtoto na mlezi una chanzo chake wenyewe, hautokani na maziwa.

Katika wale 28, watoto 16 aliwaona wana mwambatano wa salama, 7 mwambatano wa mashaka, na 5 hawajaonyesha mwambatano wowote. Alipotafuta kilichowatofautisha, hakikuwa idadi ya walezi. Mtoto aliyebebwa na watu wengi hakuwa na mashaka zaidi ya yule wa mama peke yake. Kilichotofautisha kilikuwa muda ambao mama mwenyewe alimhudumia mtoto, furaha yake katika kunyonyesha, na jinsi alivyoweza kumweleza mgeni habari ndogo ndogo za mwanawe. Mama aliyemwona vizuri mtoto wake alikuwa na mtoto aliyetulia. Hao ndio wanawake ambao, kwa mujibu wa kijitabu cha mwaka 1943, walikuwa wakizalisha nafsi zilizokwama.

Marcelle Geber, daktari Mfaransa aliyefanya utafiti Kampala katika miaka hiyo hiyo, alichapisha mwaka 1957 pamoja na R. F. A. Dean matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wachanga wa Uganda walitangulia wale wa Ulaya katika ukuaji wa viungo. Matokeo hayo yamebishaniwa tangu hapo. Nayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba mji mmoja wa Afrika Mashariki, katika muda mfupi, ulitoa ushahidi wa kutosha kumfanya yeyote aliyekuwa na nia njema airudie meza yake na kuuliza kama kitabu cha Carothers kilistahili kuchapishwa.

Nisije nikamfanya Ainsworth mpigania uhuru. Hakuwa. Taasisi iliyomhifadhi ilikuwa sehemu ya mipango ya kikoloni, na alifanya kazi yake katika Buganda iliyokuwa na simanzi ya kisiasa: Gavana Andrew Cohen alikuwa amemhamishia Kabaka Mutesa II Uingereza tarehe 30 Novemba 1953, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Utafiti ule karibu wote ulifanyika katika kipindi hicho. Lakini aliingia nyumbani kwa watu kama mgeni na kuwachukua kama wanavyoonekana, na hilo pekee lilitosha kuyavuruga mengi.

Kilichofuata ndicho kinachonisikitisha. Ainsworth alihamia Baltimore, Marekani, na daftari za Uganda zikakaa hadi mwaka 1967 ndipo kitabu kikatoka. Huko Baltimore alichunguza tena familia 26. Watoto wa Marekani hawakulia sana nyumbani mama anapotoka chumbani, kama walivyolia wale wa Buganda, basi akabuni jaribio la kuwatikisa kidogo: chumba kigeni, vitu vya kuchezea, mtu asiyejulikana, mama anatoka na kurudi mara mbili, yote kwa dakika 20 hivi. Jaribio hilo, linaloitwa Hali Ngeni, likawa maarufu kuliko kila kitu alichokifanya. Ni rahisi, ni la bei nafuu, na linatoa alama. Likasambaa duniani, na watafiti wa Japani wakalalamika kwamba mtoto wao, ambaye karibu haachwi peke yake kamwe, anaonekana mwenye mashaka kwa sababu tu jaribio limemtisha kupita kiasi. Saa zote zile za ukumbini zikawa utangulizi wa vitabu vya kiada, aya moja, wakati mwingine tanbihi. Margaret Mead na wengine walikwisha kuonya katika chapisho la Shirika la Afya Duniani la mwaka 1962 kwamba dunia ina namna nyingi za kumlea mtoto, lakini onyo hilo halikusafiri kwa kasi ya lile jaribio.

Nadharia ilirudi kwetu ikiwa imevaa nguo za Baltimore. Nimesoma miongozo ya mafunzo ya walezi, iliyoandikwa na wafadhili, inayomweleza afisa ustawi wa jamii wa Afrika Mashariki juu ya mwambatano kama jambo lililogunduliwa Marekani, ikimtahadharisha dhidi ya malezi ya walezi wengi. Ushahidi wa mwanzo, uliotoka kwa wanawake waliokaa umbali mfupi kutoka Makerere, ulisema walezi wengi si tatizo.

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu wa Tanzania alisitisha huduma ya bweni kwa wanafunzi wa darasa la nne kushuka chini, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo wanahitaji kuwa karibu na wazazi. Naiunga mkono hoja hiyo bila kusita. Katika mjadala uliofuata, hata hivyo, niliwasikia wazazi wakiuliza maswali ambayo hayakuwa ya ukaidi: muuguzi wa zamu za usiku amwache mtoto na nani, na mama anayefunga kibanda chake sokoni saa mbili usiku, na mtumishi aliyehamishiwa wilaya nyingine huku mwenzi wake akibaki. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya ripoti ya mwaka 1951, ile ya bajeti, ikiuliza tena. Vituo vya kulelea watoto mchana vyenye mlezi anayedumu, likizo ya uzazi kwa mwanamke asiye na mwajiri, uhamisho unaozingatia familia: kila kimoja kina gharama inayoweza kukadiriwa, na kila kimoja kina ofisi ambayo ingeweza kukikadiria. Waliotajwa mara nyingi kuwa suluhisho katika mjadala ule walikuwa mabibi. Wengi wao wako vijijini, mikoa mingine, na wengi tayari wanalea wajukuu wengine.